Maandishi Yang'aayo Mno Katika Picha ya Ndege Isiyo na Rubani



Wanachama wawili, ambao vijana wao wameanza kuunga kwa mikono ndege ndogo zisizo na rubani za kuangalia mashamba, wametuuliza swali moja: kwa nini maandishi yaonekanayo juu ya picha hung'aa hata yasisomeke? Kasoro hii tulipata kuikuta bara, wilayani Kilosa. Basi tutaeleza kwanza tuliyoyaona huko, kisha tutoe somo.

Ndege hizi si ngeni kwetu visiwani. Mwaka 2016 zilianza kurushwa juu ya Unguja na Pemba kupiga picha za kutengenezea ramani. Lakini zile zilinunuliwa zikiwa tayari. Hizi za vijana ni za kuungwa, na aliyeiunga ndiye apaswaye kuitafuta kasoro yake.

TULIYOYAONA KILOSA

Jamaa yetu mmoja analima mahindi upande wa Mikumi, karibu na mpaka wa Hifadhi ya Taifa, ile iliyoanzishwa mwaka 1964 na ambayo barabara kuu ya Morogoro na Iringa hupita katikati yake. Mahindi yakikomaa, tembo hutoka hifadhini jioni na kuingia mashambani. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanywa kandokando ya hifadhi za Tarangire na Serengeti, ukaonesha kwamba tembo huzikimbia ndege hizi. Mtoto wa jamaa yetu akaunga yake, akapata kibali, akawa anairusha juu ya shamba la baba yake tu.

Jioni moja namba ya betri katika miwani yake iligeuka doa jeupe. Hakuweza kujua nguvu iliyobaki. Ndege ikaishiwa, ikaanguka katika majani marefu ng'ambo ya mpaka, mahali asipoweza kuingia ila kwa ruhusa ya askari wa hifadhi. Ilipopatikana siku ya tatu, mkono wake mmoja ulikuwa umevunjika.

Tulipofika, mkono ulikwisha kutengenezwa, na baba mtu alikuwa ametenga magunia mawili ya mahindi ayauze ili wanunue kamera mpya. Tukamwambia, "Subiri kwanza, ndugu yetu. Una hakika kwamba mgonjwa ni kamera?"

NI NANI AANDIKAYE?

Kamera haiandiki hata neno moja. Kazi yake ni kutoa picha tu. Picha hiyo hupita katika bodi inayoiongoza ndege, na humo mna chipu ndogo, mara nyingi ile iitwayo MAX7456, ambayo hubandika juu ya picha herufi nyeupe zenye ukingo mweusi. Kisha picha na herufi huenda pamoja kwenye mtambo wa kurushia, na kutoka hapo hupita hewani hata kwenye miwani. Hapa twasema juu ya mfumo wa analogi, kwani ile ya kidijitali huandika kwa njia nyingine.

Basi kabla ya kutoa fedha, angalia king'aacho ni kipi:

Ikiwa ni herufi peke yake, kosa liko katika kipimo cha weupe wa chipu.

Ikiwa ni picha peke yake, itazame kamera, na pia rezista ya omu 75 iliyopo picha iingiapo kwenye chipu. Waya wa picha hutaka omu 75 mwishoni mwake. Rezista hiyo ikikosekana, au lehemu yake ikiwa haikushika, nguvu ya picha hufika karibu maradufu.

Ikiwa ni picha na herufi pamoja, kosa liko baada ya chipu: katika mtambo wa kurushia au katika miwani.

HATUA ZA KUFUATA

1. Vua propela zote. Mtu asiifanyie kazi ndege mezani ikiwa na propela. Na mtambo wa kurushia hupata moto ndege isiporuka, kwa hiyo uwekee feni, wala usiuache ukiwaka muda mrefu.

2. Punguza mwanga wa miwani, au jaribu miwani nyingine. Hili halina gharama.

3. Zima umeme, chomoa waya wa picha wa kamera, kisha washa tena. Chipu yaweza kuandika bila ya kamera. Herufi zikibaki kung'aa vilevile, kamera haina hatia.

4. Unganisha ndege na kompyuta, fungua programu ya kuipangia, na utafute kipimo cha weupe wa herufi. Katika Betaflight kina ngazi nne: 0 ni asilimia 80, 1 ni asilimia 90, 2 ni asilimia 100, na 3 ni asilimia 120. Shuka ngazi moja moja, uhifadhi, kisha utazame.

5. Geuza jambo moja tu kila mara, uliandike daftarini. Ageuzaye mambo matatu kwa pamoja, hata akipona hajui dawa ilikuwa ipi.

Kule Kilosa, tulipochomoa kamera herufi zilibaki kung'aa. Tukakikuta kipimo kimesimama kwenye 3. Kijana akakumbuka: alikipandisha mwenyewe adhuhuri moja, jua likiwa kali, apate kusoma vizuri, kisha akasahau. Mchana hapakuwa na tabu. Giza lilipoingia, weupe ule ukawa unafunika kila kitu. Tena baadhi ya miwani hujirekebisha kwa kufuata kilicho cheupe zaidi, hata picha yenyewe ikazidi kuwa nyeusi. Tukashusha hadi 1, namba ikasomeka. Magunia yakarudi ghalani.

NENO LA MWISHO

Namba hiyo si pambo. Betri ya seli nne iliyojaa husoma volti 16.8, na ikifika 14.0 ndege haina budi kuwa imekwisha kurudi. Asiyeiona namba huirusha kwa kubahatisha. Basi jaribuni maandishi mchana na pia magharibi, chini kabla ya juu.

Na kibali kisisahauliwe. Urushaji hutaka ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na ndani ya hifadhi za taifa hapana kurusha bila ya idhini ya wenye hifadhi.

Sisi wa karafuu twalijua somo hili. Mkarafuu ukianza kunyauka hatuukati siku hiyo hiyo. Twatazama kwanza mizizi, kisha gome, kisha matawi, kwani mti uliokatwa kwa haraka haurudi. Na fedha iliyonunua kamera isiyohitajiwa nayo hairudi.

Mwenye swali na alilete ofisini, inshallah tutalitazama pamoja.

Wassalaam,
Katibu