Sumu ya Kuvu katika Chakula cha Watoto wa Nguruwe

Mahindi yaliyoota kuvu yakataliwapo jikoni, mara nyingi hupelekwa bandani. Desturi hii ni ya hatari, na wanaodhurika upesi zaidi ni watoto wa nguruwe.

Mwaka 1960, huko Uingereza, walikufa batamzinga wachanga zaidi ya 100,000. Ilibainika kwamba walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yenye sumu itokanayo na kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Sumu hiyo ikapewa jina la aflatoksini. Kuvu hii hustawi katika nchi za joto, juu ya karanga na mahindi. Katika punje ya mahindi, sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini, yaani sehemu zile zile zinazogeuka pumba.

Kwa nini mtoto ndiye adhurikaye zaidi? Tufanye hesabu. Nguruwe wa kilo 10 alaye gramu 500 kwa siku hupata gramu 50 kwa kila kilo ya uzito wake. Nguruwe wa kilo 100 alaye kilo 3 hupata gramu 30 tu. Basi, chakula kikiwa ni kile kile, mdogo humeza sumu nyingi zaidi kwa kadiri ya mwili wake, hali ini lake bado changa. Matokeo yake ni kudumaa na kupungukiwa na kinga ya maradhi. Hata anyonyaye hayuko salama, kwani sehemu ya sumu hupita katika maziwa ya mama.

Wengine hudhani kwamba kuchemsha chakula kunatosha. La hasha! Kuvu ni kiumbe hai, bali sumu yake ni kemikali. Moto wa jikoni huua kuvu, lakini sumu hubaki.

Kwa hiyo kinga huanza shambani. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya ardhi tupu, mpaka unyevu usizidi asilimia 13. Punje mbovu zitengwe na kutupwa. Magunia yawekwe juu ya chaga, mbali na ukuta, na vihori visafishwe kila siku.

Jaribio: Tia punje za mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo. Tikisa kwa dakika chache, kisha uache vitulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu mwingi, yarudishwe juani.