SOMO LETU: KUCHAGUA GARI LILILOKWISHA TUMIKA



Kila msimu wa karafuu ukiisha na fedha zikilipwa, wapo miongoni mwetu wanaofikiri kununua gari. Ni fikira njema. Gari hupunguza taabu ya kuchukua karafuu kutoka shamba mpaka kituoni, na katika miezi isiyo ya mavuno laweza kuchukua ndizi, mihogo na abiria. Lakini gari jipya ni ghali, na kwa hiyo wengi wetu hununua lililokwisha tumika. Hapo ndipo penye hatari, maana gari bovu laweza kula fedha za msimu mzima kabla halijachukua gunia hata moja.

Nasema haya kwa kuwa yalinipata mimi mwenyewe.

Yaliyonipata Tukuyu

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Tukuyu kumtazama binti yangu, ambaye mumewe anafanya kazi huko. Tukuyu ni makao makuu ya Wilaya ya Rungwe katika Mkoa wa Mbeya. Mji huo uko milimani, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mvua ni nyingi, na wenyeji hulima chai, ndizi, viazi na kahawa. Barabara kuu itokayo Uyole, karibu na mji wa Mbeya, hupanda mpaka kupita mita 2,000, kisha hushuka kuelekea Kiwira na Tukuyu, na huendelea kushuka mpaka Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, ambako ni kiasi cha mita 500 tu. Gari lenye ugonjwa haliwezi kujificha katika njia ya namna hiyo.

Dalali mmoja alinionyesha pikapu wakati wa magharibi, mvua inanyesha, na injini imekwisha washwa zamani. Rangi iling'aa. Nikalipa. Kesho yake nikashika njia ya Mbeya, na kabla sijafika kileleni maji yalichemka na injini ikazima. Fundi alipofungua alikuta kichwa cha silinda kimepinda kwa joto. Nusu ya fedha zangu za karafuu ziliishia pale.

Mkwewe binti yangu alinipeleka kwa mzee mmoja, mkulima wa chai, mwenye gari lake la kuchukulia ndizi. Nilimwamkia, nikamweleza. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, hukununua gari, umenunua rangi. Ukipeleka karafuu zako kuuza, mnunuzi hatii mkono guniani?"

Nikajibu, "Hutia, mzee wangu. Zikiwa mbichi au zina makonyo, huzirudisha."

"Basi wewe mbona hukutia mkono?"

Sikuwa na jibu. Mwaka uliofuata nilirudi, na mzee yule akafuatana nami. Tulikataa magari matatu, tukanunua la nne, nalo linafanya kazi mpaka leo. Mambo aliyonifundisha ni haya yafuatayo.

1. Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi

Mwambie mwenye gari asiliwashe mpaka ufike. Ukifika, weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ni moto, jiulize kwa nini ameliwasha. Injini nyingi mbovu huwaka vizuri zikiwa moto na hukataa zikiwa baridi.

Fungua kifuniko cha oili. Ukiona utando mzito wenye rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yameingia katika oili. Fungua kifuniko cha rejeta, lakini injini ikiwa baridi tu, maana ikiwa moto maji yatakuunguza. Ukiona mafuta yanaelea juu ya maji, liache gari hilo.

Kisha liwashwe, nawe utazame bomba la moshi. Moshi wa buluu maana yake injini inaunguza oili. Moshi mweusi maana yake mafuta hayaungui sawasawa. Mvuke mweupe kidogo wakati wa baridi si kitu, na huko Tukuyu kila gari huutoa asubuhi. Lakini moshi mweupe ukiendelea hata baada ya injini kupata moto, huenda maji yanaingia ndani ya silinda.

2. Lipeleke mlimani

Usijaribu gari kwa kuzunguka sokoni. Lipakie watu wanne au watano, ulipandishe mlima mrefu, huku ukitazama mshale wa joto. Mshale ukipanda bila kutulia, rudi. Hapa kuna jambo la elimu. Pwani maji huchemka yafikapo nyuzi 100, lakini katika kimo cha Tukuyu huchemka kiasi cha nyuzi 95. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachobana maji ili yastahimili joto zaidi. Kikilegea, au rejeta ikiziba, gari lililotulia pwani litachemka milimani. Hata kwetu visiwani tunavyo vilima, khasa Pemba, na gari lenye magunia litavihisi.

Mlimani pia utaijua klachi. Injini ikipiga kelele zaidi lakini gari lisiongeze mwendo, klachi imekwisha. Gari la gia za kujibadilisha lenyewe likisitasita kabla ya kushika gia, au likishtuka, jihadhari nalo, maana kutengeneza gia hizo ni ghali.

Wakati wa kushuka, tumia gia ndogo, kisha jaribu breki. Pedali ikizama mpaka chini, au gari likivuta upande mmoja, breki zina kasoro. Simama penye mteremko uvute breki ya mkono. Lisishike? Basi si la kununuliwa mpaka litengenezwe.

3. Tafuta umri wake wa kweli

Bara watu husema "gari namba D" au "gari namba E" kana kwamba herufi hiyo ni umri. Sivyo. Herufi za kibao huonyesha gari liliandikishwa lini nchini, wala si lini liliundwa. Gari lililotumika miaka 15 ng'ambo laweza kupewa namba mpya siku liingiapo.

Tazama mwaka ulioandikwa katika kadi, kisha tafuta ushahidi mwingine. Aghalabu mikanda ya viti huwa na kitambaa kidogo kilichoandikwa tarehe ya kutengenezwa. Tairi nazo zina tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Saa ya kilomita hurudishwa nyuma na wadanganyifu. Ikisema kilomita 60,000, na huku mipira ya pedali imelika na usukani umekuwa laini kwa kushikwa, amini pedali.

4. Ingia chini yake

Sisi watu wa visiwani twajua chumvi inavyokula chuma. Gari lililokaa pwani laweza kuwa zuri juu na limeoza chini. La bara halina chumvi, lakini tope la Rungwe huficha mengi, lioshwe kwanza. Chukua sumaku ndogo. Isiposhika juu ya bati, pamezibwa, na huenda gari liligongwa. Rangi mpya iliyopakwa chini ya gari kuukuu ni dalili ya kutiliwa shaka.

5. Karatasi

Linganisha namba ya chasisi na ya injini zilizo katika kadi na zile zilizopigwa katika gari lenyewe. Jina lililo katika kadi liwe la muuzaji. Likiwa la mtu mwingine, usitoe fedha. Uliza kama gari linadaiwa faini za barabarani. Andikeni mkataba mbele ya wakili, nawe uhakikishe umiliki unahamishwa kwa jina lako. Ukinunua Bara kwa nia ya kulileta visiwani, uliza kabla ya kulipa, katika ofisi za kodi za pande zote mbili, karatasi na malipo yanayotakiwa.

6. Fundi na akiba

Lipa fundi wako mwenyewe alitazame; fundi wa muuzaji humtumikia muuzaji. Chagua aina ambayo mafundi wa kwenu wanaijua na vipuri vyake vyapatikana. Ndiyo sababu Toyota ni nyingi katika nchi yetu. Tena usimalize fedha zote. Mwenye shilingi milioni 10 atafute gari la milioni 8, na mbili zibaki kwa tairi, oili, mikanda ya injini na yale yasiyoonekana.

Mwisho, usione haya kukataa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Dalali akikuambia yuko mnunuzi mwingine njiani, mwache huyo mnunuzi alichukue. Siku ile mimi niliona haya kumwambia mtu angoje mpaka asubuhi, na haya hiyo ilinigharimu nusu ya mavuno.

Maswali ya kujipima

(a) Kwa nini haifai kununua gari ambalo injini yake ni moto tayari?
(b) Oili yenye rangi ya chai ya maziwa yaonyesha nini?
(c) Tairi imeandikwa 0822. Ilitengenezwa lini?
(d) Herufi za kibao cha namba zatuambia nini, na hazituambii nini?

Mwanachama anayeweza kuyajibu haya, na aende akanunue, asubuhi.