KOMPYUTA YA DUKANI IKIGOMA KUWAKA: USIKIMBILIE KUPIGA WINDOWS UPYA

Somo la leo ni la wenye steshenari na wote wanaotunza madeni, stoo na kazi za wateja kwenye kompyuta.

Asubuhi umewasha mashine, nembo ya Windows imetokea, mara kioo kinakuwa cha bluu chenye maandishi (matoleo mapya ya Windows 11 kinakuwa cheusi), inajizima na kuanza upya. Mwalimu anasubiri mitihani yake. Ukiwa Nyamahanga, kuibeba hadi kwa fundi Ngara mjini au Biharamulo ni nauli na siku nzima duka limefungwa. Kwa hiyo jua kwanza inaumwa nini.

Ndani ya Windows kuna kiini, ndicho kinachoongoza diski, memori na vifaa vyote. Kikikutana na kosa kisichoweza kulivuka, kinasimamisha kila kitu kwa makusudi ili mafaili yasiharibike zaidi. Kwa hiyo kioo cha bluu hakimaanishi kazi zako zimefutika. Mara nyingi bado zipo.

FANYA HIVI:

1. Piga picha ule ujumbe kwa simu. INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE maana yake kiini kimeshindwa kuifikia diski. UNMOUNTABLE_BOOT_VOLUME maana yake mpangilio wa mafaili kwenye diski umevurugika, umeme kukatika ghafla ni sababu mojawapo. MEMORY_MANAGEMENT mara nyingi inakupeleka kwenye RAM.

2. Zima, chomoa flash, printa na modemu, halafu washa tena. Kifaa kimoja kibovu kinatosha kuleta balaa lote.

3. Jiulize: jana kimebadilika nini? Umeongeza RAM? Umeweka antivairasi au programu ya printa? Anza kuchunguza hapo.

4. Ikigoma mara mbili tatu mfululizo, Windows yenyewe huleta ukurasa wa matengenezo. Ingia Troubleshoot, kisha Advanced options, ujaribu Startup Repair. Ikishindikana, rudi hapo uchague Startup Settings, bonyeza Restart, halafu namba 4. Hiyo ni Safe Mode, inawaka na vitu vichache tu. Ikiwaka, nakili kazi zako kwenye flash KWANZA, ndipo uondoe ulichoweka mwisho.

5. Kama ni ya mezani, chomoa waya wa umeme, fungua, futa vumbi, kaza nyaya za diski, toa RAM uirudishe vizuri.

6. Diski ikilia "tak, tak", zima na uache kujaribu. Kila ukiwasha unaimaliza.

Bado unaona kupiga Windows upya ndiyo dawa? Tarehe 19 Julai 2024, kompyuta kama milioni 8.5 duniani ziligoma kuwaka kwa kioo hicho hicho. Ndege hazikuruka, benki na hospitali zikakwama. Chanzo kilikuwa faili moja bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike. Mafundi waliingia Safe Mode, wakalifuta lile faili, mashine zikawaka na kazi zote zikiwa ndani.

Ukilazimika kwenda kwa fundi, mwambie kabla hajagusa kitu: "Toa data zangu kwanza." Muoneshe na ile picha. Akifomati diski yote, daftari lako la madeni limekwenda, na mdaiwa hatakuja kukukumbusha anadaiwa shilingi ngapi.

Kinga ni rahisi: nunua UPS, zima kompyuta kwa utaratibu badala ya kuchomoa waya, na kila jioni ukifunga hesabu nakili kwenye flash inayolala nyumbani, siyo dukani.

Mtumie na mwenzako mwenye steshenari. Yako iliwahi kuandika ujumbe gani? Tuachie hapo chini tusaidiane.