UPEPO HAULIPI DENI LAKE: KUTOKA KISANGANI MPAKA BUNIA

Katika zoezi la mwisho la hesabu wengi wenu waliandika hivi: "Upepo ukichelewesha ndege wakati wa kwenda, utaisaidia wakati wa kurudi, basi saa zinabaki sawasawa." Jibu hili linaonekana la akili, lakini si kweli. Tutazame pamoja.

Kwanza urefu wa njia. Kufungua karte tu kunatosha. Kiwanja cha ndege cha Bangoka, kule Kisangani, kiko kwa digri 0 na dakika 29 kaskazini, na digri 25 na dakika 20 mashariki. Kile cha Bunia kiko kwa digri 1 na dakika 34 kaskazini, na digri 30 na dakika 13 mashariki. (Hizi si dakika za saa! Ni vipande vya digri: 60 zinafanya digri moja.) Karibu na ikweta digri moja ni kilometa 111, pande zote mbili. Basi Bunia inapita Kisangani kwa kilometa 120 upande wa kaskazini, na 542 upande wa mashariki. Sasa Pythagore, ambaye wengine walisema hana kazi, anatupa kilometa 555. Barabara ya kupita Nia-Nia na Mambasa ni karibu 700, na wenye kuisafiri wakati wa mvua wanajua kwamba kilometa si kitu, matope ndiyo kitu.

Tutwae ndege ndogo ya turbine inayokwenda kilometa 300 kwa saa. Pasipo upepo: 555 kugawanya kwa 300, ni saa 1 na dakika 51. Kwenda na kurudi ni saa 3 na dakika 42. Hapa ninaacha dakika za kupanda na kushuka, ingawa Bunia iko juu sana kuliko Kisangani, metre 1.200 hivi.

Sasa tuseme upepo wa kilometa 100 kwa saa unatoka mashariki. Kwenda, ndege inabaki na mwendo wa 200: saa 2 na dakika 47. Kurudi, inapata 400: saa 1 na dakika 23. Jumla saa 4 na dakika 10! Dakika 28 zimepotea. Sababu gani? Kwa sababu upepo mbaya ulikaa na sisi muda mrefu, na upepo mzuri muda mfupi tu. Unatunyanganya kwa saa karibu tatu, unarudisha kwa saa moja na kidogo.

Mtu akisema dakika 28 ni kidogo, afikiri mafuta. Kanuni za kimataifa zinataka ndege ya turbine ibaki na akiba ya mwisho ya dakika 30, ambayo haiguswi. Piloti aliyehesabu kama ninyi, akajaza mafuta ya kwenda na kurudi pamoja na ile akiba tu, angefika Bangoka na dakika 2. Na chini yake, sehemu kubwa ya njia, ni pori.

Kwa juma lijalo mufanye hesabu ileile kwa upepo wa kilometa 40. Tena mutafute: upepo ukiwa 300, ndege itafika Bunia saa ngapi?