SOMO LA AFYA: MWIBA WA SAMAKI NA JIPU LA INI



Wahenga walisema mwiba hutokea ulikoingilia. Mwiba wa samaki uliomezwa haufuati kanuni hiyo. Vitu vingi vinavyomezwa kwa bahati mbaya hutoka na choo bila madhara. Lakini mara chache mwiba wa samaki, mfupa wa kuku au kijiti cha meno hutoboa tumbo au utumbo, hufika kwenye ini na kuleta jipu. Madaktari waliandika habari za ugonjwa huu tangu mwaka 1898.

Kwa nini hauonekani mapema?
Mgonjwa hupata homa, maumivu ya tumbo la juu na kukonda. Pengine wiki au miezi imepita, naye hakumbuki kumeza kitu. Hudhaniwa ni malaria, au jipu la amiba. Picha ya eksirei mara nyingi haionyeshi mwiba. Siti skani huuonyesha vizuri zaidi.

Matibabu bila kupasua tumbo lote
1. Mgonjwa hupewa antibayotiki, na usaha hutolewa kwa sindano au mrija mwembamba unaoongozwa na altrasaundi.
2. Ikiwa ncha ya mwiba bado iko ndani ya tumbo, huvutwa kwa mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni.
3. Ikiwa umezama kwenye ini, hufanyika upasuaji wa matundu madogo. Kamera na vifaa vyembamba hupita humo na kuutoa mwiba. Maumivu hupungua na mgonjwa hurudi nyumbani mapema.

Hata hivyo, jipu likipasukia tumboni, upasuaji mkubwa waweza kuhitajika.

Jambo la kushika
Kutoa usaha na kuacha mwiba ni kufyeka magugu na kuacha mizizi. Jipu hurudi, na mgonjwa aweza kupoteza maisha.

Tufanye nini?
- Mwiba ukikwama, tusiusukume kwa tonge la ugali. Twende kituo cha afya.
- Wazee wenye meno ya bandia watafune polepole, maana hawahisi mwiba upesi.
- Anayemhudumia mgonjwa wa homa isiyopona amuulize: "Mama, uliwahi kukwamwa na mwiba?" Jibu hilo apewe daktari.
- Wafadhili wakumbuke nauli ya rufaa, kwani vipimo hivi haviko katika kila zahanati.

Swali la kujadili: Katika parokia yetu, nani humsindikiza mgonjwa asiye na ndugu hadi hospitali kubwa?