Hewa Iliyofungiwa: Fizikia ya Kayaki ya Kukaliwa Juu

Mji wa Singida uko katika nyanda za juu za kati ya Tanzania, kwenye mwinuko wa takriban meta 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kando ya mji huo yamo maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Kwa hiyo mwanafunzi wa Utemini hana haja ya kusafiri hadi pwani ili ayaone maji mapana yenye upepo, ndege na mawimbi. Maji hayo ni darasa la fizikia lililo karibu na nyumbani.

Kupiga kafi kwa burudani si jambo geni nchini. Katika Ziwa Duluti karibu na Tengeru, na katika Ziwa Momela Dogo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, wageni na wenyeji hutembezwa majini kwa mitumbwi midogo. Katika fukwe za Unguja huonekana chombo kingine cha plastiki, chenye rangi kali, ambacho mtu hukalia juu yake badala ya kuingia ndani. Chombo hicho ndicho kayaki ya kukaliwa juu. Somo hili linaeleza kinavyofanya kazi, na kwa nini asiyeelewa siri yake moja anaweza kukigeuza kuwa hatari.

ASILI YAKE

Kayaki ya asili ilibuniwa na Wainuiti na jamaa zao wa Greenland, Kanada na Alaska. Ilikuwa na kiunzi cha mti au mfupa kilichovikwa ngozi ya sili, na mwindaji aliketi ndani ya tundu lililombana kiunoni ili maji ya barafu yasiingie. Alipopinduka, ilimbidi ajigeuze pamoja na chombo kwa ustadi wa kafi, au ajitoe ndani yake akiwa chini ya maji.

Aina ya kukaliwa juu ilianza kusitawi California, Marekani, katika miaka ya 1970. Hii haina tundu la kuingia. Ganda lake limefungwa pande zote, na mtu huketi katika kibonde kilichofinyangwa juu ya ganda hilo. Nyingi hutengenezwa kwa polietilini: unga wa plastiki hutiwa ndani ya kalibu, kisha kalibu hupashwa moto huku ikizungushwa mpaka unga uyeyuke na kushika kuta zote. Matanki ya plastiki ya maji yanayoonekana juu ya minara ya nyumba nyingi mijini hutengenezwa kwa njia hiyo hiyo. Kwa maneno mengine, kayaki hiyo ni ndugu wa tanki la maji. Tofauti ni kwamba tanki hufungia maji ndani ya hewa, na kayaki hufungia hewa ndani ya maji.

KINACHOIFANYA IELEE

Kanuni ya Archimedes yasema kwamba kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa kani iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyahamisha. Kitu kinachoelea huzama mpaka uzito wa maji yaliyohamishwa ulingane na uzito wake chenyewe.

Wengi hudhani kwamba kayaki huelea kwa kuwa plastiki ni nyepesi. Hesabu yaonyesha vingine. Chukuliwe ganda lenye tungamo la kilo 25, na densiti ya polietilini iwe kilo 0.94 kwa lita. Plastiki hiyo peke yake ina ujazo wa lita 26.6 hivi. Ikizamishwa yote huhamisha kilo 26.6 za maji, basi ziada ya kubeba mzigo ni kilo 1.6 tu. Hiyo haitoshi hata kubeba mtoto mchanga.

Sasa ganda lilelile lifungiwe hewa, na ujazo wake wote wa nje uwe lita 250. Likizamishwa lote lingehamisha kilo 250 za maji. Ukiondoa kilo 25 za ganda, ziada ni kilo 225. Kazi ya plastiki ni kuizuia hewa isitoke na maji yasiingie. Kinachombeba mtu ni hewa.

Watanzania wana kumbukumbu nzito ya jambo hili. Meli ya MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ilibaki ikielea kwa muda hali tumbo lake likiwa juu, kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani. Ganda lilipotobolewa katika juhudi za kuwaokoa waliokuwa ndani, hewa ilitoka, maji yakashika nafasi yake, na meli ikazama. Mamia ya watu walipoteza maisha. Kanuni iliyofanya kazi siku ile katika chombo kikubwa ndiyo inayofanya kazi katika chombo cha kilo 25.

MATUNDU YA SAKAFUNI

Mtu anayeiona kayaki hii mara ya kwanza hushangaa kwamba sakafu yake ina matundu yanayopenya hadi majini. Matundu hayo ni mirija mifupi ambayo kuta zake zimeungana na ganda, juu na chini. Maji hupita ndani ya mrija bila kukutana kamwe na hewa iliyofungiwa.

Maji ndani ya mirija husimama kwa kimo kilekile cha maji ya ziwa. Ikiwa sakafu iko juu ya kimo hicho, wimbi lililorukia chombo hushuka lenyewe kupitia matundu. Mwenye mtumbwi wa gogo hulazimika kuteka maji kwa kopo. Mwenye kayaki ya aina hii huachia uzito wa maji ufanye kazi hiyo.

Lakini sakafu hubaki juu ya maji kwa mzigo wenye kiasi tu. Chukuliwe kayaki ambayo eneo lake kwenye usawa wa maji ni meta za mraba 1.56. Kila sentimeta inayozama huhamisha lita 15.6. Chombo cha kilo 25 kikibeba mtu wa kilo 65, jumla ni kilo 90, nacho huzama sentimeta 5.8 hivi. Kama sakafu iko sentimeta 9 juu ya tako la chombo, maji yataanza kuchomoza matunduni jumla inapofika kilo 140, yaani mtu na mizigo wakiwa kilo 115. Maji yanayochomoza ni onyo kwamba mzigo umezidi. Mtu anayeziba matundu ili asilowe na kuendelea kuongeza mzigo amenyamazisha onyo, wala hakuondoa sababu yake.

UPANA NA UTHABITI

Anayeketi juu ya ganda ana kitovu cha uzito kilicho juu zaidi kuliko anayeketi ndani ya mtumbwi. Chombo chembamba kingempindua. Waswahili wa pwani walitatua tatizo kama hilo katika ngalawa kwa kuweka matengo, pande zote mbili. Watengenezaji wa kayaki hii walilitatua kwa kuongeza upana.

Kwa vyombo vyenye urefu na umbo la kufanana, mchango wa upana katika kukirudisha chombo wima hukua kwa kadiri ya upana uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Upana ukitoka sentimeta 60 hadi 80, mchango huo huongezeka mara 2.4 hivi. Gharama yake ni mwendo: chombo kipana husukuma maji mengi na huenda polepole. Ndiyo maana chombo hiki hufaa sana kwa matembezi, uvuvi wa ndoano, kupima kina cha maji kwa kamba, kuchukua maji ya kupimwa maabara na kuhesabu ndege kutoka mbali. Hakifai kwa mashindano ya mbio, wala kwa kuvuka ziwa kubwa.

Kikipinduka, mtu huanguka majini bila kunaswa. Hukigeuza chombo, hulala kifudifudi kukikatiza katikati huku akipiga miguu, kisha hujigeuza na kuketi. Zoezi hili lifanywe mara nyingi katika maji ya kiunoni, mbele ya msimamizi anayejua kuogelea, kabla ya mtu kwenda mbali na ukingo.

HEWA, JOTO NA MWINUKO

Hewa iliyofungiwa hutii kanuni za gesi, na hapa ndipo mwenye chombo anapopaswa kuwa mwanafizikia.

Kwanza, mwinuko. Kanieneo ya hewa usawa wa bahari ni kilopaskali 101 hivi, na Singida ni kama kilopaskali 85. Chombo kilichofungwa kizibo Dar es Salaam na kusafirishwa hadi Singida kitakuwa na hewa inayosukuma nje kwa kilopaskali 16 zaidi. Juu ya kifuniko chenye eneo la sentimeta za mraba 300, tofauti hiyo ni kani ya niutoni 480, sawa na mzigo wa kilo 49 hivi unaokisukuma kutoka ndani. Ganda huvimba na maungio huchoka. Dawa yake ni kukifungua kizibo kabla ya safari.

Pili, joto. Kayaki iliyoachwa juani, hewa yake ikafika nyuzi 50 za Selsiasi (kelvini 323) na kufungwa kizibo hapo hapo, kisha ikaingizwa katika maji ya nyuzi 23 (kelvini 296), itapoteza sehemu ya nane katika mia ya kanieneo yake. Kwa Singida hizo ni kilopaskali 7 hivi, sawa na msukumo wa maji yenye kina cha sentimeta 70. Ufa mdogo ambao usingepitisha kitu siku ya baridi sasa hunyonya maji ndani.

Maji hayo hayaonekani kwa aliyeketi juu. Katika mfano uliotangulia, lita 150 zikiingia, chombo, maji na mtu wa kilo 65 huwa kilo 240, ilhali uwezo wote ni kilo 250. Tena maji ya ndani hukimbilia upande ulioinama, hivyo chombo huanza kupinduka kabla hakijazama. Basi kayaki ikae kivulini kwanza, ifungwe ikiwa imepoa, na kabla ya kuingia majini iinuliwe ncha moja na kusikilizwa kama kuna maji yanayotembea ndani.

UPEPO NA USALAMA

Singida inajulikana kwa upepo wake, na ndiyo sababu imefikiriwa kwa miradi ya umeme wa upepo. Chombo kinachozama sentimeta 6 tu hupelekwa na upepo kwa urahisi. Kisicho na mtu huenda haraka kuliko mwogeleaji. Kwa hiyo aliyeanguka asikiachie chombo, na safari ianze kwa kwenda dhidi ya upepo wakati nguvu zingali nyingi, ili upepo usaidie kurudi. Jaketi la kuokolea maisha livaliwe na kufungwa. Lililofungwa nyuma ya chombo halimwokoi mtu. Mahali pageni, wenyeji waulizwe kuhusu viboko na mamba. Katika maji baridi, yasiyo na chumvi, hatari ya kichocho ikumbukwe, kwa kuwa mpiga kafi wa chombo hiki hulowa daima. Ndege, hasa korongo wa rangi ya waridi wanaotembelea maziwa ya chumvi, wasikaribiwe hata wakaruka.

UTUNZAJI

Baada ya kutumika katika maji ya chumvi, chombo kioshwe kwa maji safi, vizibo vifunguliwe, nacho kikaushwe na kuhifadhiwa kivulini. Mionzi ya jua huvunja minyororo ya molekuli za polietilini, ikaifanya kavu na rahisi kupasuka. Chombo kisiburutwe maweni, kwani tako lake ndilo huliwa kwanza. Gundi nyingi hazishiki polietilini. Ufa huzibwa kwa kuyeyusha plastiki ya aina ileile, na kazi hiyo ifanywe na fundi aliyeizoea.

MAJARIBIO

1. Chukua madumu mawili ya plastiki ya lita 5 yanayofanana. Moja lifungwe likiwa na hewa tu, la pili lijazwe maji kabisa chini ya maji na kufungwa. Yaweke katika pipa la maji na kuning'iniza kokoto kwenye kila moja mpaka lizame. Linganisha mizigo.

2. Tia maji ya moto, yasiyochemka, katika chupa laini ya plastiki, yatikise, yamwage, kisha funga chupa mara moja na kuizamisha katika maji baridi. Eleza umbo linalotokea.

MASWALI

1. Kayaki ya kilo 30 ina eneo la meta za mraba 2.0 kwenye usawa wa maji. Itazama sentimeta ngapi ikibeba watu wawili wa kilo 55 na kilo 60?

2. Densiti ya maji ya bahari ni kilo 1.025 kwa lita. Chombo na mtu wenye jumla ya kilo 90 huhamisha lita ngapi baharini, na ngapi katika maji yasiyo na chumvi?

3. Mvutano wa dunia ni mdogo kidogo Singida kuliko Dar es Salaam. Je, hilo hubadili kina ambacho kayaki huzama? Toa sababu.

4. Mtu mmoja ametoboa tundu jipya sakafuni mwa kayaki yake kwa keekee, akisema "matundu mengi hutoa maji haraka." Eleza tofauti kati ya tundu lake na yale ya kiwandani, na yatakayompata.