Moshi wa Kiwanda Huishia Wapi?

Katika vikundi vyetu vya Magole na vijiji jirani swali la viwanda linazidi kuulizwa. Reli ya kisasa inapita wilayani Kilosa, kiwanda cha sukari cha Mbigiri kilizinduliwa mwaka 2024, na vijana wanahitaji ajira. Hatupingi viwanda, wala hatumnyooshei mtu kidole. Tunataka tujifunze jambo moja linalosahaulika: kinachopanda kwenye bomba la moshi ni lazima kishuke mahali.

Tuanze na majirani zetu wa Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari kilianza kazi kando ya mtaa wa Owino Uhuru, wenye watu wapatao 3,000. Moshi wenye vumbi la risasi ulitua juu ya mabati, kwenye udongo na kwenye maji. Phyllis Omido, aliyeajiriwa hapo mwaka 2009, alishughulikia tathmini ya mazingira, ikashauriwa kiwanda kihamishwe. Ushauri haukufuatwa. Baadaye mtoto wake aliyekuwa akinyonya aliugua. Ilidhaniwa ni malaria au homa ya matumbo, mpaka damu ilipopimwa ikakutwa na risasi. Alitafuta watoto wengine watatu wa mtaa wapimwe, nao wakakutwa nayo. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Wananchi walikwenda mahakamani 2016, wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ikaitengua 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Hesabuni wenyewe miaka hiyo.

Risasi angalau tunaijua kwa jina. Lipo kundi jingine lisiloonekana wala kunuka: kemikali za florini, zinazotumika kutengenezea vikaango visivyoshika chakula, nguo zisizopenya maji na povu la kuzimia moto. Florini ikishikana na kaboni ni vigumu mno kuziachanisha. Jua, mvua na vijidudu vya udongoni havizimalizi, ndiyo maana huko Ulaya na Marekani wameziita kemikali za milele.

Wafugaji wetu watalielewa hili upesi. Karibu na Parkersburg, West Virginia, Marekani, mfugaji mmoja aliona ng'ombe wake wakifa mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1999 wakili Robert Bilott alimfungulia kesi dhidi ya kampuni ya DuPont. Ng'ombe walikuwa wakinywa kijito kilichopita kwenye dampo la kampuni. Lakini uchunguzi ulionyesha njia ya pili: kemikali ilitoka pia kwa moshi, ikavuka Mto Ohio na upepo, ikatua ardhini, ikazama na mvua hadi kwenye maji ya visima. Watu wapatao 69,000 walipimwa damu, na kufikia 2012 jopo la wanasayansi lilikuwa limeihusisha na magonjwa sita, yakiwemo saratani ya figo, saratani ya korodani na ugonjwa wa tezi ya shingo. Huko Fayetteville, North Carolina, visima vya majumbani vilichafuka kwa njia hiyohiyo ya hewa. Mwaka 2019 kampuni ya Chemours ilitakiwa kupunguza utoaji wake hewani kwa asilimia 99. Kwa hiyo kuzuia moshi kunawezekana, ila ni gharama, na hakuna anayeilipa asipoulizwa.

Kuchemsha maji, kinga yetu ya siku zote, hakusaidii hapa. Vijidudu hufa, lakini risasi na florini hubaki sufuriani.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na wananchi washirikishwe. Mwekezaji akija kwenye mkutano mkuu wa kijiji, msiulize ajira ngapi tu. Ulizeni nini kitatoka kwenye bomba, na upepo wa kiangazi unavuma kuelekea nyumba na visima vya nani. Zaidi ya yote, ombeni maji na udongo vipimwe kabla kiwanda hakijawashwa, kwa sababu bila kipimo cha kwanza ni vigumu baadaye kuthibitisha kilichobadilika. Afisa mazingira wa wilaya ndiye wa kuanzia. Andikeni tarehe, kisima na matokeo kwenye daftari la chombo cha watumia maji, na nakala moja ibaki ofisi ya kijiji.